Shahada si Mtaji

Katika Kiswahili cha kale cha mwambao, chuo ni kitabu. Wazee waliponena vyuo walikusudia vitabu, na baadaye neno likahama kutoka kwenye kitabu likakaa mahali kitabu kinaposomwa. Ndipo mtoto akapelekwa chuoni na juzuu yake mkononi, na aliyezama katika elimu akaitwa mwanachuoni. Elimu ya juu ya kizungu ilipoingia, lugha haikuhangaika kuitafutia jina. Ilichukua neno lake la zamani ikalipa ukubwa: chuo kikuu. Jina hilo ni la haki, kwa kuwa linasema kilichomo. Aendaye huko anakiendea kitabu kikubwa kuliko alichokizoea. Lugha haikumwahidi duka, wala jahazi, wala wateja.

Ahadi hiyo imetolewa na watu, tena kwa sauti kubwa. Kila mwaka, matokeo ya Kidato cha Sita yakishatangazwa, nyumba nyingi za Unguja na Pemba huingia katika shauri moja. Kijana anataka kufanya biashara. Mzazi anataka mwanawe asome. Na katikati yao husimama mnadi mmoja anayesema kwamba hapana haja ya kugombana, kijana na asome biashara chuo kikuu, atoke huko mjasiriamali. Shauri linakatika hapo. Eka ya mikarafuu inawekwa rehani, dhahabu ya mama inakwenda kwa sonara, fomu ya mkopo inajazwa. Baada ya miaka mitatu kijana anavaa joho, na siku hiyo hiyo ya mahafali mgeni rasmi anamwambia yeye na wenzake wasingoje kuajiriwa, wajiajiri. Akiuliza kwa mtaji gani, hapana ajibuye. Maana mtaji wenyewe ndio ule ulioliwa na ada.

Huu ni ulaghai, hata kama wanaoufanya hawakuukusudia. Nao una ndugu yake. Katika kumbi za mahoteli, kwa kiingilio, hufanyika semina ambazo mhubiri wake husema kinyume cha mnadi wa kwanza: chuo kikuu ni kupoteza wakati, matajiri wakubwa wa dunia walikiacha, na kijana mwenye akili naye akiache. Mmoja anauza shahada kama mtaji, mwingine anauza kuikosa shahada kama mtaji. Kelele zao zimefunika jambo lililo wazi. Chuo kikuu hakimzai mfanyabiashara, na kukikimbia chuo kikuu hakumzai pia. Kinachomzaa ni kufanya biashara chini ya jicho la aijuaye, akiwa ameshika mali ya mwingine ambayo lazima irudi salama. Chuo kikuu kina kazi nyingine, kubwa na ya heshima, na biashara inaihitaji kazi hiyo mno; lakini siyo hiyo wanayouziwa vijana.

Neno lenyewe, ujasiriamali, linastahili kutazamwa na wapenzi wa lugha. Limeungwa kwa ujasiri na mali, na limeshamiri katika miongo ambayo uchumi ulifunguliwa na mashirika ya umma yakapunguza wafanyakazi wake. Ni neno linalomsifu mtu kwa ushujaa. Sasa yatazamwe maneno ambayo mwambao uliyatumia kwa biashara kabla yake. Tajiri ametoka katika Kiarabu, na asili yake ni mfanyabiashara. Huku kwetu Waswahili wakamfanya kuwa mwenye mali, na vilevile mwenye chombo ambaye nahodha humfanyia kazi. Rasilimali ni kichwa cha mali. Kisha kuna amana, rehani, hawala, dalali, ubia, daftari, mizani. Katika orodha hiyo hapana hata neno moja la ushujaa. Yote ni maneno ya mtu na mwenzake, au ya hesabu. Amana haiwi amana ila awepo aliyeiweka na aliyeipokea. Hawala haipiti ila mtu wa Mombasa amwamini mtu wa Unguja asiyemwona. Na methali yenye hekima inasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Haikusema mali bila ujasiri. Mshairi na muuza nafaka wanashirikiana neno mizani kwa sababu njema: kila mmoja wao akipunja, ajuaye atajua.

Na shahada je? Shahada ni ushahidi. Ni neno la mahakamani na la imani kabla halijawa la chuoni. Anayepewa shahada ameshuhudiwa na walimu wake kwamba amesoma jambo fulani na akalifahamu kwa kiwango fulani. Ushahidi huo una thamani mbele ya anayeutaka, yaani mwajiri. Serikali, benki, skuli, hospitali huuliza ushahidi, nao una haki ya kuulizwa. Mnunuzi wa Darajani haulizi. Yeye huuliza bei, huitazama bidhaa, na huukumbuka uso wa aliyempunja mara ya mwisho. Kumpa kijana shahada akauze nayo ni kumpeleka sokoni na cheti cha ndoa.

Biashara ya mwambao ilikuwa na mahali pake pa kujifunzia, na historia yake inajulikana. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait lililokuja mpaka Zanzibar na delta ya Rufiji, akaandika aliyoyaona katika kitabu chake Sons of Sinbad. Mabaharia wa chombo hicho hawakuwa na mshahara wa mwezi. Walikuwa na fungu katika pato la safari, na kila mmoja aliweza kupakia bidhaa zake chache na kuziuza bandarini kwa hesabu yake mwenyewe. Kijana wa chombo kama hicho alijifunza bei ya chumvi, tende na boriti kwa kuikosea. Kosa lake lilikuwa dogo kama sanduku lake, na juu yake palikuwa na nahodha aliyeona makosa mengi kabla ya lile. Kaskazi ilimleta, kusi ikamrudisha, na kila msimu ulikuwa darasa lenye mwanzo na mwisho.

Nyumba za biashara za mjini zilifanya vivyo hivyo. Nyumba ya Jairam Shivji, iliyokodi ushuru wa forodha ya Zanzibar kwa miongo kadhaa ya karne ya 19, iliendeshwa na makarani waliolelewa ndani ya daftari zake. Taria Topan, mzaliwa wa Kutch, alifika Zanzibar akiwa kijana mdogo, akapanda ngazi hizo hizo za biashara mpaka naye akaishika forodha, na jengo alilolianzishia ujenzi kabla ya kufa kwake mwaka 1891 lingali limesimama mbele ya bandari kwa jina la Dispensari ya Zamani. Chuo chake kilikuwa bohari, na mwalimu wake alikuwa mtu mwenye cha kupoteza.

Lakini asije mtu akazipamba zama hizo kwa maua. Taria Topan huyo huyo ndiye aliyemkopesha Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, bidhaa za misafara. Na misafara ile ilirudi na pembe za ndovu na wanadamu waliofungwa minyororo. Biashara iliyojifunzwa vizuri huweza kuwa biashara ya dhulma. Wenye mashamba nao walizoea bei ya khiyari, ambayo kwayo mtu alipokea fedha kwa shamba lake na kubaki na haki ya kulikomboa, wengi hawakulikomboa. Tena mlango wa bohari haukuwa wazi kwa kila mtu. Aliyeingia alikuwa mtoto wa ndugu, wa jamaa, wa kabila moja au wa msikiti mmoja. Mtoto wa mtumwa hakuingia, na mwanamke aghalabu alibaki nje, ingawa kazi ya mikono yake ilikuwa ikiuzwa ndani.

Hapa ndipo anaposimama mtetezi mwenye haki wa chuo kikuu, na hoja yake haifai kupuuzwa. Husema hivi: chuo kikuu ndicho mlango wa kwanza uliomfungukia asiye na mjomba mwenye duka. Binti wa mvuvi wa Micheweni, asiyejulikana na tajiri yeyote wa Mlandege, anaingia kwa alama zake. Anakutana na watu wa mikoa yote, anajifunza hesabu na sheria, anapata ujasiri wa kusema mbele ya watu. Kumwambia aende akajifunze dukani ni kumrudisha kwenye mlango uliokuwa umefungwa tangu zamani. Hoja hii ni ya kweli kwa kiasi chake, na inaeleza kwa nini wazazi maskini ndio wanaokiamini chuo kikuu kuliko matajiri. Tajiri hutuma mwanawe chuoni akijua kwamba duka linamngoja. Maskini hutuma mwanawe chuoni akitumaini kwamba chuo ndicho duka.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo lote. Wanaotajwa katika kila semina nchini Tanzania ni watu watatu. Said Salim Bakhresa, mzaliwa wa Zanzibar, aliacha skuli akiwa na umri wa miaka 14, akafanya biashara ndogondogo, akafungua mkahawa Dar es Salaam katika miaka ya 1970, kisha akaingia katika usagaji wa nafaka. Reginald Mengi, aliyefariki mwaka 2019, alisomea uhasibu Uingereza, akafanya kazi katika kampuni ya ukaguzi wa hesabu, na akaanza kiwanda chake kwa kuunganisha kalamu za wino nyumbani katika miaka ya 1980. Mohammed Dewji alihitimu Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, mwaka 1998, akarudi katika kampuni ya baba yake. Mmoja hakumaliza skuli, mmoja ana elimu ya uhasibu, mmoja ana shahada ya ng'ambo. Atakayetaka kuthibitisha kwa watu hawa kwamba shahada hutajirisha atakwama kwa wa kwanza, na atakayetaka kuthibitisha kwamba haina maana atakwama kwa wawili waliobaki. Linalowakusanya wote ni jingine: kila mmoja alikuwa na mahali pa kuishika biashara kwa mkono kabla ya kuikuza. Kwa mmoja palikuwa jikoni mwa mkahawa, kwa mwingine katika vitabu vya hesabu za makampuni ya watu, kwa wa tatu katika nyumba ya babaye.

Nao wale wa ng'ambo wanaohubiriwa kwa ajili ya kuacha masomo wana habari zao kamili, ambazo mhubiri huzikata katikati. Bill Gates aliondoka Harvard mwaka 1975, ni kweli. Lakini alikuwa ameanza kutumia kompyuta mwaka 1968 katika skuli ya kulipia ya Seattle, wakati vyuo vikuu vingi vya dunia havikuwa na kompyuta ya kumpa mwanafunzi. Babaye alikuwa mwanasheria, na mlango wa kurudi chuoni haukufungwa nyuma yake. Mark Zuckerberg alipoondoka chuo hicho hicho mwaka 2004, Facebook ilikuwa tayari inatumiwa na wanafunzi wa vyuo kadhaa. Watu hawa waliacha masomo kwa kuwa biashara ilikwisha washika mkono. Hawakuacha ili wakaitafute. Na Peter Thiel alipotangaza mwaka 2010 kwamba atawalipa vijana waache masomo, aliweka mezani dola 100,000 kwa kila mmoja. Wahubiri wa hapa huirudia nasaha yake na kuzisahau dola zake.

Ipo pia hesabu inayofaa kuwekwa mbele ya kijana wa miaka 19 anayeambiwa kwamba akichelewa amekwisha. Pierre Azoulay na wenzake walichapisha mwaka 2020 utafiti uliotegemea kumbukumbu za serikali ya Marekani juu ya waanzilishi wa kampuni wapatao milioni 2.7. Wastani wa umri wao walipoanzisha ulikuwa karibu miaka 42, na kwa zile kampuni chache zilizokua kwa kasi kuliko zote ulifika 45. Tena mtu aliyekwisha fanya kazi katika biashara ya aina ile ile alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kufanikiwa kuliko mgeni wa biashara hiyo. Hilo ndilo walilolijua manahodha bila ya takwimu: maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Basi kwa nini mzigo huu umetwishwa chuo kikuu? Jibu lake limo katika historia ya visiwa na ya Bara pia. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, nyumba nyingi za biashara za Zanzibar zilifungwa au zikaingia mikononi mwa dola, na wenyewe wengi wakahama. Mema na mabaya ya zama hizo yana mahali pake pa kujadiliwa. Kwa jambo hili, lililotokea ni kwamba mnyororo wa mafunzo ulikatika. Karani hakuwa na tajiri wa kumfunza, na tajiri hakuwa na karani wa kumrithisha. Biashara ilipoanza kuachiwa huru katikati ya miaka ya 1980, kilirudi kizazi kilichojua foleni kuliko daftari. Ndipo mwishoni mwa miaka ya 1990 vikaja vyuo vikuu: Chuo Kikuu cha Zanzibar, Tunguu, mwaka 1998, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Walimu wa bohari walikuwa wamekwisha ondoka au wamekufa, na watu wakaligeukia lango jipya lililokuwa wazi.

Wakati huo huo chuo kikuu chenyewe kilikuwa kimezaliwa kwa kazi nyingine. Kile cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961, miezi ya uhuru, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, kwa sababu dola changa ilihitaji mahakimu, wakuu wa idara na walimu. Wanafunzi wake walipoandamana mwezi wa Oktoba 1966 kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere aliwafukuza wapatao 400, na mwaka uliofuata akatoa Elimu ya Kujitegemea. Hata ugomvi ule mkubwa ulikuwa ugomvi juu ya mtumishi wa umma na wajibu wake. Hapana aliyefikiri kwamba chuo kile kinatengeneza wachuuzi. Dola ilipoacha kuajiri kila mhitimu, haikuubadilisha mtaala kwa dhati, ilibadilisha hotuba. Kujitegemea kukawa kujiajiri, na somo la ujasiriamali likapachikwa mwishoni mwa ratiba kama kiraka.

Katika somo hilo mwanafunzi huandika mchanganuo wa biashara ambao hapana atakayeudai. Faida yake ni ya karatasi, na hasara yake ni alama. Aliyefeli mtihani huurudia. Aliyekosa kodi ya fremu hufungiwa mlango. Mwalimu wake anaweza kuwa msomi mwadilifu aliyeifahamu nadharia kwa kina, na hilo halina lawama. Lawama iko kwa wanaomtaka afunze kuogelea ukumbini. Na mwanafunzi hutoka na deni la kweli mkononi: Bara, marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yalipandisha makato ya mkopo wa elimu kutoka asilimia 8 mpaka 15 ya mshahara, na asiye na mshahara naye deni humngoja. Dau la mnyonge haliendi joshi. Vipi basi litakwenda likianza safari na shehena ya deni?

Wasomaji wa mashairi wana mfano ulio karibu nao zaidi. Haji Gora Haji, mzaliwa wa Tumbatu mwaka 1933, alisoma chuo cha Kurani, akawa mvuvi na baharia. Utunzi aliupata kwa watu, ngomani na chomboni, kwa kusikiliza na kujibu na kushindwa na kurudi tena. Hapana chuo kikuu kilichomfanya malenga. Lakini mwaka 1994 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha diwani yake, Kimbunga, na kwa kazi hiyo sauti ya mvuvi wa Tumbatu ikafika katika madarasa ya mbali. Chuo kikuu kilimfuata mtunzi, kikaichukua kazi yake, kikaifasiri na kuihifadhi. Hapana aliyemwambia Haji Gora asome kwanza shahada ya ushairi ndipo aruhusiwe kutunga. Na hapana mwenye akili aliyesema kwamba, kwa kuwa yeye alitunga bila ya shahada, taasisi ile haikuwa na kazi. Ushairi uliijua njia hii, biashara imeisahau.

Haikuisahau yote. Kilimo cha mwani wa kuuza kilianza Unguja mwaka 1989, pwani ya mashariki, katika vijiji kama Paje na Jambiani, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Kwa miaka waliuza mwani mkavu kwa bei ya mnunuzi. Aina yenye bei nzuri, iitwayo kotoni, ilianza kufa maji ya kina kifupi yalipozidi joto, na ile ya bei ndogo, spinosamu, ndiyo iliyobaki. Hapo watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambayo ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na iko Zanzibar, walishuka pwani. Dkt. Flower Msuya na wenzake walichunguza maradhi ya mwani, wakajaribu na wakulima nyavu za kupandia katika maji ya kina kirefu, na kuanzia mwaka 2006 ukawapo mpango wa kuwaunganisha wakulima, watafiti na maofisa. Wanawake wakajifunza kusaga mwani na kuutia katika sabuni na mafuta ya kupaka, badala ya kuuza gunia na kungoja bei.

Mwani haujamtajirisha kila mkulima, wala bahari haijaacha kupata joto. Ila katika mfano huu kila mtu yuko mahali pake. Mama wa Paje anajua maji kupwa na kujaa, anajua kamba, anajua mnunuzi mwongo. Hajui kwa nini mmea unageuka mweupe ukafa, na swali hilo halijibiwi sokoni wala kwa ujasiri. Linajibiwa na mtu aliyesoma miaka mingi, kwa subira, bila ya kuambiwa kila asubuhi kwamba elimu yake ni bure kama haikumfungulia duka. Nguvu za chuo kikuu zinazotumika kugeuza kila mwanafunzi kuwa mchuuzi zingetumika kuzalisha watu wa aina hiyo, mkulima wa mwani, mvuvi wa dagaa, mkamua mafuta ya makonyo na fundi wa majahazi wangefaidika zaidi.

Kutokana na haya kijana mwenye hamu ya biashara anaweza kuipima njia yake. Kama biashara anayoitaka haifanyiki bila ya elimu ya chuoni, mathalan famasi, uhandisi, au kutengeneza dawa, basi chuo kikuu ni lazima, na asiyeipata elimu hiyo atawadhuru watu. Kama ana kiu ya kujua jambo kwa ajili ya jambo lenyewe, historia au hesabu au fasihi, na aende, na asiombwe radhi na mtu. Lakini kama anachotaka ni kununua na kuuza, kusafirisha, kupika, kushona au kujenga, basi miaka mitatu mbele ya ubao ni ghali mno kwake, na fedha za ada zingekuwa kichwa cha mali. Aanze kwa aijuaye kazi. Chuo kikuu hakihami; siku biashara yake itakapomuuliza swali lisilojibika sokoni, atakwenda akiwa na swali, na mwenye swali husoma kuliko mwenye fomu.

Ili maneno haya yasiwe ya kuwafaa wenye wajomba peke yao, mlango wa duka nao ufunguliwe kwa sheria na kwa desturi. Visiwa vina Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, na Bara, sera ya elimu ya mwaka 2014 katika toleo lake la 2023 imeingiza mkondo wa amali katika sekondari. Amali ni neno zuri, lakini likibaki ndani ya karakana ya skuli litazaa cheti kingine. Kinachohitajika ni mwanafunzi kuwekwa dukani, kiwandani na bandarini kwa mkataba ulioandikwa, kwa posho, kwa muda unaojulikana, na binti asiye na jamaa awe na haki ile ile ya mtoto wa mwenye duka. Wafanyabiashara wakubwa, ambao hulalamika kwamba wahitimu hawajui kazi, waulizwe ni wangapi waliowafunza. Na vyuo vikuu vifungue maabara zao na idara zao za hesabu na sheria kwa muuza genge mwenye swali, bila ya kumdai alama za Kidato cha Sita.

Mpaka hayo yafanyike, yeyote anayepanda jukwaani siku ya mahafali na kuwaambia vijana wajiajiri anawatupia deni lisilo lao. Amewachukulia mtaji wa wazazi wao, amewapa ushahidi usioulizwa sokoni, na sasa anawalaumu kwa kukosa ujasiri. Ujasiri wanao; walioweka rehani mikarafuu yao kwa ajili ya kitabu hawakupungukiwa na ujasiri. Walichokosa ni mtu mkweli wa kuwaambia kwamba kitabu ni kitabu na duka ni duka, na kwamba kila kimoja kina heshima yake kikiachwa kifanye kazi yake.